Barakoa Yenye Joto

Msumari wa daktari ulikuwa wa mwisho ukutani, karibu na dirisha la chumba cha kubadilishia nguo. Tangu ugonjwa ule wa mapafu uingie mjini, barakoa nzito ziliadimika, hivyo kila daktari alipewa moja tu, ya kuangika jioni kwenye msumari wake na kuivaa tena asubuhi. Asubuhi moja daktari aliivaa yake akaikuta ina joto na unyevu, kana kwamba mtu ameivua sasa hivi.

Aliwauliza wenzake ni nani kaivaa. Wakacheka. Mmoja akamwambia kwamba siku hizi kilichobaki kuazimana ni mswaki tu. Naye akacheka, maana manesi walimwita Chuma, na chuma hakilalamiki.

Lakini ile harufu. Mwanzo ilikuwa ya kinywa kilichoamka bila kupigwa mswaki. Baadaye ikawa ya nyama iliyonasa kwenye jino bovu, kisha ya maji ya maua yaliyosahaulika chomboni, ikamfuata nyumbani hadi kwenye mto, mpaka mumewe akawa analala amegeukia ukutani akisema taratibu kwamba labda ni uchovu. Binti yao alikataa kubusiwa. Daktari hakumlaumu. Alikuwa ameona watu wengi mno wakifa wakitafuta pumzi, na kila kifo alikimeza kama mtu amezavyo kohozi mbele za wageni.

Kisha mkono wake ukakosea. Alimwandikia mzee mmoja dawa ya kumtosha farasi. Nesi akaliona kosa kabla sindano haijaingia mshipani, akamrudishia cheti cha dawa. Daktari alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi kumwambia kwamba hajiamini tena, apumzishwe kabla hajaua mtu. Akafungua mdomo, na hapo kitu kinene, chenye utelezi na vuguvugu, kikatoka ndani ya barakoa, kikampapasa midomo, kikapenya katikati ya meno, kikaulalia ulimi wake kama konokono alaliavyo jani, na kabla hajaweza kutapika wala kupiga kelele akaisikia sauti yake mwenyewe, changamfu, ikisema:

"Niko sawa kabisa, mkuu. Niongezee zamu."

Mkuu, naye barakoa usoni, akamwongezea.

Shangazi yake alikuwa mganga, na tangu asomee udaktari, daktari alikuwa akimkwepa. Alasiri hiyo alibisha hodi kwake. Shangazi hakumsimanga. Alimnusa tu, akakunja uso.

"Huyu hali damu, mwanangu," alinong'ona. "Anakula maneno unayoyameza. Umemlisha, kanenepa."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Sema lile ulilokwenda kusema."

Alijaribu, koo likajaa. Shangazi akamshika kichwa juu ya beseni, akamsugua mgongo kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto mwenye homa, na kila neno lililotoka lilitoka na donge la ute wa kijivu wenye nyuzi kama nywele, moja refu kuliko jingine, hadi alipofikia neno nimeshindwa, ndipo kitu cheupe kama utando wa maziwa kikadondoka ndani ya beseni na kujinyonganyonga, kikijifumbua na kujifumba, kikitafuta kinywa. Shangazi akakimwagia chumvi. Kikalia kwa sauti ya daktari, kikasinyaa, kikanuka hadi wote wawili wakakimbilia nje.

Kesho yake daktari alisimama tena mbele ya mkuu wa wodi, kitambaa safi usoni.

"Mkuu, mimi si mzima. Nikiendelea hivi nitaua mtu."

 Macho ya mkuu yalijaa machozi, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua. Barakoa yake ndiyo iliyotikisika, ikatuna shavu hili kisha lile, ikilambwa kwa ndani, na sauti ya uchangamfu ikatoka humo.

"Hapa hatuchoki, daktari. Rudi wodini."

Ute ukamchuruzika kidevuni, ukatona kwenye shati. Macho yakazidi kumwomba.

Daktari alinyoosha mkono akaishika kamba iliyokuwa nyuma ya sikio la mkuu. Kitu vuguvugu kikachomoza pembeni mwa barakoa, kikamlamba kidole taratibu, kutoka kucha hadi kiganjani.

Hakuurudisha mkono.