Neno la Mwisho la Sonara

Kiti kilichokuwa kitupu dukani, kwenye skrini kilikuwa na mtu.

Mama Dhahabu, kama mtaa ulivyomwita ingawa masikioni hakuwa na hata hereni, alikuwa chumba cha nyuma akipoza chai. Akaitupia jicho skrini ya kamera, akamwona mtu amekalia kiti cha marehemu mumewe, mgongo umepinda, nyundo mkononi. Alitoka mbio dukani. Hakukuta mtu, ila harufu ya mkaa na dhahabu inayoyeyushwa, na tangu mumewe sonara azikwe hakuna aliyewasha moto mle.

Hakumwambia yeyote. Kusema kweli alifurahi, na hapo ndipo balaa lilipopata pa kukaa.

Maduka ya vito yalikuwa na masharti yake: kamera kila mlango, sauti za wateja zisinaswe, na rekodi zifutwe baada ya mwezi. Hilo la mwisho lilimshinda. Sonara alifia pale pale mezani, mbele ya kamera. Aliinua uso, midomo ikacheza, maana alijua mkewe yuko nyuma na huwa anamtazama, kisha akalaza kichwa. Siku hiyo mkewe alikuwa ameinama akiwasha jiko. Hakuona wala hakusikia. Rekodi ile akaifunga isifutike, akawa anaitazama kila adhuhuri, akiisoma midomo ile hadi macho yanamwuma. Usimcheke, kufiwa si mchezo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyefunga kamera zile. Alikuja baada ya mkaguzi wa maduka kutoa onyo.

"Shemeji, leseni itakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Ifute ile rekodi."

"Mkeo akifa, utamfuta?"

Mama Dhahabu akachukua kitambaa, akaenda kupangusa meza ya kazi.

Shemeji akabaki mbele ya skrini, na alichokiona kilimkausha mate: kaka yake amesimama nyuma ya mjane wake, mkono umeshika bega, vidole vinapanda kimoja kimoja kuelekea shingoni, na uso ule, uso aliouosha yeye mwenyewe siku ya maziko, ukageuka taratibu, ukaitazama kamera, ukatabasamu kwa meno mengi kuliko ya binadamu, na nyundo ikaanza kugonga, ko, ko, ko, ilhali nyundo yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni.

"Shemeji," alinong'ona kutoka mlangoni. "Njoo huku. Usigeuke nyuma."

Bibi mganga aliletwa alasiri ile ile. Alinusa hewa, akatikisa kichwa.

"Huyu si mumeo, mwanangu. Jini huyu hana sura, huazima ya anayeliliwa. Nawe umemtunzia sura hiyo. Ifute kwa mkono wako, mimi nitasoma dua."

Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mama Dhahabu akaweka kidole kwenye kitufe. Ndipo ile mashine isiyonasa sauti ikasema, na sauti ilikuwa ya sonara hasa, hata kile kikohozi chake.

"Mke wangu, usinifute. Nitakwambia nilichosema siku ile."

Mama Dhahabu akamgeukia mganga. "Bibi, na kama analijua neno hilo kweli?"

"Huenda analijua. Majini husikia mengi. Ila malipo yake ni wewe."

Alikuwa tayari kulipa. Hilo lilionekana usoni mwake. Shemeji akamshika mkono, analia bila aibu. "Nimemzika kaka. Usiniache nikuzike na wewe."

Alimtazama kijana yule kwa muda. Kisha akabonyeza.

Kitu kilipiga yowe refu dukani, vioo vya kabati vikatetemeka, halafu harufu ikakatika. Kwenye skrini kiti kilikuwa kitupu.

Mkaguzi aliporudi alikagua kamera zote, akasifu, akaihuisha leseni. Mama Dhahabu alimshukuru, akaenda chumba cha nyuma, akafumba macho ili walau amkumbuke mumewe alivyoinua uso na midomo yake ilivyocheza.

Aliyemjia akilini alikuwa yule mwingine wa meno mengi, anatabasamu. Wa kwake hakumwona tena.