Diski ya Nne

Kilichomshangaza kwanza Stellah Kokuberwa ni harufu. Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya ofisi ya masijala, dirisha limezibwa kwa mbao, ziwa liko mbali huko chini ya kilima, na bado kilinuka dagaa walioanikwa wakalala na mvua. Alimuuliza karani kama kuna mtu aliyewahi kuweka samaki humo. Karani alitikisa kichwa bila kumtazama.

Stellah alikuwa fundi wa kompyuta mwenye duka lake Bukoba mjini, mtu asiyeamini kitu mpaka akisome kwenye skrini. Hospitali hiyo ya misheni, iliyo kilimani upande wa Muleba na ambayo jina lake tuliache, ilimwita kwa sababu seva yake ilikuwa inazimika kila asubuhi, na humo ndimo yalimokuwa mafaili ya wagonjwa wote. Mzee Aristides, katibu wa hospitali, alimwambia kwamba fundi aliyetangulia, Datius, alifariki wiki mbili na siku chache zilizopita. Hakusema alikufa kwa ugonjwa gani. Stellah naye hakuuliza, maana alikuwa na sababu yake ya kuipokea kazi hiyo upesi: baba yake, Mzee Kagaruki wa Ijumbi, alikuwa amelazwa hapo hapo, wodi ya wanaume, moyo unamsumbua.

Saa nne na dakika kumi seva ilizimika mbele ya macho yake. Kwanza diski moja iligonga, tik, tik, tik, kisha ndani ya kile kisanduku ikasikika pumzi ndefu ya mtu anayevuta hewa na kupata maji. Skrini ikawa bluu. Baada ya dakika mbili seva ikajiwasha yenyewe.

Alifungua ripoti za hitilafu. Zote zilitaja kitu kimoja: draiva ambayo Datius alikuwa ameiweka ili kuunganisha diski nne zionekane kama moja kubwa. Mtu akihifadhi faili, draiva ndiyo inayoamua lilale diski ipi. Stellah alifurahi, maana ugonjwa huo aliujua. Aliiondoa draiva mpya akaweka ya zamani. Kesho yake, saa nne na dakika kumi, bluu. Akabadilisha kebo, akabadilisha memori, akaleta betri nyingine kutoka Bukoba. Bluu.

Siku ya tatu yule karani, Theopista, mama mtu mzima aliyeitunza masijala ile miaka ishirini, alifunga mlango na kumwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na majina ya mafaili yaliyokutwa matupu kila seva ilipozimika: jina lipo, ndani hamna hata herufi. Ya pili aliinakili kutoka daftari la mochwari. Majina kumi na tisa huku, kumi na tisa kule, kwa mpangilio ule ule.

“Nakuonyesha wewe, waitu, mwenzetu, kwa sababu mzee Aristides amekataa kutazama,” alisema kwa sauti ya chini. “Faili likiliwa asubuhi, mwenye faili hafiki jioni. Datius ndiye wa kwanza. Alikuja kupima malaria tu.”

Stellah alitaka kucheka. Badala yake alitafuta kila faili lilikuwa limelala wapi, na yote kumi na tisa yalikuwa yamelala diski ya nne. Alipouliza ilitoka wapi, Theopista alimsimulia. Datius aliinunua visiwani, kutoka kompyuta ya wakala wa samaki aliyekufa maji. Ndugu zake hawakutaka kuigusa mali yake yoyote. Wavuvi walimwonya Datius kwamba marehemu alikuwa akifuga jini la ziwa ili mitumbwi yake ijae, na kwamba lile jini lilikuwa limezoea kulishwa. Datius aliwajibu kwamba jini halina pa kukaa ndani ya chuma.

Sasa diski yenye mafaili haichomolewi tu. Ukiichomoa, vyote vilivyomo vinapotea kwa mara moja, na katika diski ile walikuwemo watu zaidi ya mia mbili. Ilibidi draiva iamriwe kwanza iyahamishie mafaili kwenye diski nyingine. Stellah alitoa amri hiyo mchana wa siku ile. Diski ilianza kugonga haraka haraka, harufu ya dagaa ikajaa mpaka macho yakamchonyota, na kabla hajafika kwenye kitufe cha kusitisha, mafaili matatu yalikuwa yamebaki majina tu. Jua lilipoinamia migomba, machela tatu zilikuwa zimepita chini ya dirisha la masijala zimefunikwa mashuka. Theopista alizihesabu kwa vidole kisha akaketi.

Asubuhi iliyofuata, saa nne kasoro dakika kumi, Stellah alifungua orodha ya diski ya nne, maana alikuwa ameshagundua kwamba jina la juu ndilo linaloliwa kwanza. Jina la juu kabisa lilikuwa la baba yake.

Alilihamisha kwa mkono, faili hilo moja tu. Diski haikugonga. Faili lilitoka kwa utii likaenda diski ya kwanza, na draiva, ambayo kazi yake ni kuweka mizani sawa, ikachukua faili jingine la ukubwa ule ule na kulilaza pale pale lilipokuwa la mzee. Jesca Mwesiga, wodi ya wazazi. Stellah alimjua. Jana yake walikaa benchi moja nje, Jesca amepakata mtoto wa siku mbili, akammiminia Stellah senene kiganjani kutoka kopo lake, akamtania kwamba watu wa mjini wanakula senene kwa aibu.

Zilibaki dakika kumi na nane, na katika dakika hizo Stellah alijiambia kwamba akimtoa Jesca ataingia mwingine, na akimtoa huyo ataingia mwingine tena, na kwamba huenda haya yote ni mambo ya Theopista na madaftari yake, na kwamba mwanamke yule ni kijana, damu yake ina nguvu, jini litamshindwa, ilhali Tata, baba yake, ana miaka sabini na moyo uliochoka, na hakuna aliyemwona akigusa chochote, na mkono wake, ambao ungeweza kulirudisha faili la mzee mahali pake kwa kubonyeza mara moja, uliondoka juu ya meza ukajificha mapajani na kubaki humo.

Tik, tik, tik. Bluu.

Jesca alianza kutokwa damu saa saba. Saa tisa mtoto alikuwa akilia mikononi mwa nesi.

Theopista hakungoja ruhusa ya mzee Aristides tena. Aliagiza mganga visiwani, na kesho yake asubuhi na mapema akaja Shilogile, mzee mwembamba aliyekuwa mvuvi zamani, akiwa na chetezo na chupa ya maji ya ziwa. Alifukiza chumba mpaka seva isionekane. Theopista, aliyekuwa ameshika mlango, alianguka magotini, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa ya mwanamke.

“Wewe ni nani, na unataka nini?” Shilogile aliuliza.

“Nilikuwa na njaa, nikaiba,” ilisema sauti. “Ishirini na wawili niliwaiba. Yule wa jana sikumwiba. Yule nilipewa.”

Shilogile aligeuka polepole akamtazama Stellah. Alinyunyiza matone ya maji juu ya seva, akalitaja jini kwa jina alilolijua yeye, akaliamuru litoke kwenye chuma, na diski ya nne ikapiga yowe la chuma kinachosagwa, kisha ikatulia. Theopista alizinduka, hakumbuki kitu. Ilipofika saa nne na dakika kumi, seva iliendelea kufanya kazi. Stellah aliyahamisha mafaili yote salama, diski ikapondwa kwa nyundo, na mzee Aristides alimshukuru fundi wake mbele ya wafanyakazi wote.

Stellah alipompa mganga mkono wa kuagana, mganga alirudisha wake nyuma.

“Limetoka kwenye chuma,” alisema. “Kwako sikuweza kulitoa. Lilipokelewa.”

Mzee Kagaruki aliruhusiwa wiki ile ile. Daktari alisikiliza moyo wake mara tatu, hakuelewa. Stellah alifunga duka kwa muda akamrudisha nyumbani Ijumbi, akampikia ebitoke, zile ndizi za kwao, akamwona akitembea kibanjani kati ya migomba bila fimbo. Siku mbili zilipita hivyo.

Siku ya tatu asubuhi walikuwa wamekaa barazani wakimenya ndizi. Mzee aliweka kisu chini. Upepo ulitoka upande wa migomba, ukaja na dagaa waliolala na mvua.

“Koku, mwanangu,” alisema kwa upole ule ule aliomlea nao, “leo unanipa nani?”

Stellah alijifanya hakusikia. Mzee aliuliza tena, na safari hii midomo yake ilianza kuwa na rangi ya majivu, vidole vikashika ukingo wa kiti, na kifuani mwake ikasikika pumzi ndefu ya mtu anayevuta hewa na kupata maji. Macho yake yalimsihi. Macho yalikuwa ya baba yake kabisa.

Stellah alimfikiria jirani, akaogopa kwamba vilio vya msiba vingemfikia pale barazani. Akamfikiria mtu mmoja tu duniani aliyezijua zile karatasi mbili, na ambaye siku moja angeweza kukumbuka kinywa chake kilivyosema kwamba jini lilipewa. Alimwinamia mzee sikioni.

“Theopista,” alisema.

Rangi ilimrudia mzee usoni. Aliokota kisu akaendelea kumenya.

Jioni mzee Aristides alipiga simu akilia. Stellah alimpa pole, akauliza mazishi ni lini.