Kompyuta Haikuwa Imekufa

Kila asubuhi, akishamaliza kukaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, Ngatini alikaa mbele ya kompyuta yake. Alikuwa akitengeneza kadi za arusi za watu wa mtaa wetu hapa mjini Solo, Indonesia. Mumewe, Parjo, alizikata na kuzikunja.

Siku moja Parjo alisikia kuna Windows mpya, mfumo wa kuendeshea kompyuta.

"Kipya ni kipya, mke wangu!" alisema. Akailazimisha iingie kwenye kompyuta ile ya zamani.

Tangu hapo kompyuta ikawa inajikokota. Ukibonyeza, chai inapoa kabla haijafungua kitu.

"Hii imekufa," Parjo alisema. Wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kesho yake alikuja jirani yao, Retnaning, mwalimu wa kompyuta.

"Kompyuta iko wapi?"

"Imekufa, Mwalimu."

"Ilikuwa inawaka?"

"Inawaka, ila polepole mno."

"Basi haikufa, Parjo. Umemtwika mbuzi mzigo wa punda! Windows mpya watu wameizoea na ina programu nyingi, lakini inataka mashine yenye nguvu na kumbukumbu kubwa. Mac ni rahisi kutumia, ila imetengenezwa kwa kompyuta za kampuni yake. Linux ina aina nyepesi, hata mashine kuukuu inaziweza, tena bure. Utajifunza mambo machache upya, basi. Ungeuliza kwanza mashine yako inabeba nini. Vitu vyenu mlivinakili?"

Ngatini alishika mdomo. "Nyimbo za baba!"

Marehemu baba yake alikuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa humo tu.

Walikimbia kwa yule mnunuzi. Walikuta kompyuta imeshapasuliwa kwa nyundo.

"Nisamehe," Parjo alisema.  Hata Ngatini alikuwa amekubali itolewe.

Baadaye dada yake Ngatini aliwapa kompyuta yake kuukuu. Mwalimu alichomeka flashi yenye Linux nyepesi.

"Ijaribu kwanza," alisema. "Ukiiweza, ndipo tuiweke moja kwa moja."

Ikawaka upesi. Ngatini alihangaika kidogo kutafuta herufi zake za mapambo, kisha akazoea. Kadi zikaanza kutoka tena.

Halafu wakamrekodi mama yake Ngatini akiimba nyimbo zile zile za baba, na safari hii wakaweka nakala kwenye flashi. Mama aliimba vizuri, mara akanyamaza katikati ya wimbo.

"Mbona umeacha, mama?" Ngatini aliuliza.

"Hapa anaitikia baba yako."

 Mama alisubiri kidogo, kisha akaendelea peke yake.