Niliwaambia Wachore Tu, Wasiulize

"Nyoosha mikono!"

Mdogo wangu akanyoosha mikono. Hakubisha hata kidogo. Askari akamfunga pingu mbele ya macho yangu...

Tulikuwa watu tisa ndani ya ofisi ya saiti, kontena la bati lenye feni iliyokufa na ramani za jengo ukutani. Mkurugenzi alikuwepo, kamati ya ajali ilikuwepo, na mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka mlangoni.

Ripoti iliyomfungisha niliiandika mimi. Kwa mkono wangu huu.

Alipofika mlangoni akageuka kuniangalia. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata anitemee mate.

"Kaka, uwe unakula," akasema. "Umekonda sana siku hizi."

Jamani! Mtu anapelekwa rumande, halafu ananihimiza mimi nile!

Na mimi niliyeweza kumtoa kwa sentensi moja tu, nikainamisha kichwa nikahesabu misumari ya sakafuni.

Najua kuna watu washaanza kuandika matusi huko kwenye komenti. Andikeni tu, nayastahili. Ila naomba msome mpaka mwisho.

Mimi ni afisa usalama na mafunzo wa kampuni ya ujenzi. Mdogo wangu anaendesha kreni, ile mashine ndefu inayopandisha mizigo ghorofani. Wazazi walitutoka yeye akiwa darasa la tatu, mimi ndiye niliyemlea. Nimemfulia kaptula, nimemsainia ripoti za shule, na hata hiyo kazi ya kreni nilimtafutia mimi.

Ana miaka thelathini na moja sasa, ana mke na binti, lakini kwangu bado ni Dogo.

Haya. Miezi minne iliyopita bosi aliniambia niendeshe semina ya mawasiliano. Mafundi walikuwa hawasikilizani, kila siku kuta zinabomolewa na kujengwa upya.

Nikaandaa zoezi moja zuri sana la kuchora.

Watu wanakaa wawiliwawili, wamepeana migongo. Mmoja anapewa kadi yenye picha, mwingine anapewa karatasi tupu na penseli. Mwenye kadi anaeleza, mwenye penseli anachora bila kuona.

Zoezi lina raundi mbili. Raundi ya kwanza, mchoraji haruhusiwi kuuliza chochote, na lazima mchoro uharibike. Raundi ya pili anaruhusiwa kuuliza anavyotaka, na hapo ndipo watu wanashika somo lenyewe. Raundi ya kwanza peke yake ni mzaha tu.

Dogo nilimpanga na fundi mmoja wa plasta tuliyemwita Filimbi, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi kutwa nzima akiwa kazini. Ukitaka kujua yuko ghorofa gani unatega sikio tu.

Filimbi akapewa kadi. Picha ilikuwa nyumba, ngazi, na mbwa amelala.

"Chora kisanduku," akaanza. "Kichwani mwake weka paa. Sasa toa ngazi kwenye paa, ishushe mpaka chini kabisa."

Dogo akasimamisha penseli.

"Samahani, hapo chini patupu?"

"Weee!" nikamrukia. "Hakuna maswali hapa! Chora tu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Dogo naye akacheka kwa aibu, akashusha ngazi yake.

"Haya," Filimbi akaendelea, "chini ya nyumba kuna mbwa kalala..."

"Aah! Si ungesema mapema!" Dogo akalalamika.

Alipoinua karatasi tuione, ngazi ilikuwa imepita katikati ya mbwa!

"Dogo kaua mbwa wa watu!" akapiga kelele Kipaza, yule muongozaji anayemwelekeza dereva wa kreni kwa redio. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulipotaka kuanza raundi ya pili, simu yangu ikaita. Bosi.

"Zege limefika. Nawataka watu kazini sasa hivi."

"Bosi, bado dakika ishirini tu."

"Sasa hivi!"

Nikawaruhusu. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha raundi ya kwanza na kisanduku cha raundi ya pili. Nikatia tiki vyote viwili, nikasaini. Nani angejua?

Toka siku hiyo "Chora tu!" ikawa utani wa saiti nzima. Fundi akiuliza vipimo, anajibiwa chora tu. Mtu akiuliza chai iko wapi, chora tu! Nilikuwa nasikia raha, nikijiona mwalimu ambaye maneno yake yanashika.

Kumbe nilikuwa nimewafundisha nusu ya somo, tena ile nusu mbaya.

Wiki mbili baadaye ikafika siku yenyewe.

Filimbi alikuja kazini shavu limevimba. Jino. Nilimwambia apumzike, akatikisa kichwa, hata kuongea hakuweza vizuri. Akapanda zake nyuma ya ukuta wa ghorofa ya pili kupiga plasta.

Saa nne hivi kreni ilikuwa imeinua shehena ya matofali. Lori likaanza kupiga honi getini, Kipaza akaitwa. Kabla ya kuondoka akamwambia Dogo kwenye redio:

"Usishushe mpaka nirudi."

Mzigo ukabaki unaning'inia. Halafu ukashuka.

Ulishukia nyuma ya ule ukuta...

Sitaelezea nilichokiona. Niseme tu kwamba Filimbi hakufika hospitali.

Ripoti ikasema: dereva alishusha mzigo bila kuongozwa, ingawa alipewa mafunzo yote. Fomu yangu ikaambatanishwa, na tiki zake mbili.

Siku ya kamati wakamuuliza Dogo.

"Nani alikuambia ushushe?"

"Hakuna."

"Uliuliza kama chini kuna mtu?"

 

"Sikuuliza."

"Na mafunzo ulipata? Raundi zote mbili?"

Macho yake yakanijia mara moja, yakaondoka.

"Nilipata."

Basi. Akafungwa pingu, akaniambia nile.

Wiki sita nilikuwa naenda kumtembelea rumande. Nilimpelekea sabuni, dawa ya meno, picha ya binti yake. Niliongea mimi mwanzo mwisho. Nitatafuta wakili, vumilia, Mungu yupo. Yeye anasikiliza, anaitikia, "Sawa, kaka."

Usiku silali, mchana sili. Mke wangu akiniuliza nina nini, namwambia uchovu.

Jumatatu ya wiki hii, mjane wa Filimbi akaja ofisini kuchukua vitu vya marehemu. Nilikuwa nimeviweka kwenye boksi. Mwiko, ovaroli ya akiba, chupa ya chai. Alikagua mifuko ya ovaroli mmojammoja, taratibu, kama anatafuta mkono wa mumewe mle ndani.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Upande mmoja ulikuwa ule mchoro, ngazi imepita katikati ya mbwa. Akaugeuza.

Upande wa pili kulikuwa na mchoro mwingine. Nyumba ileile na ngazi ileile, lakini safari hii ngazi imesogezwa pembeni, na mbwa amelala salama. Chini Filimbi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kupinda: *Raundi ya pili tumeifanya wenyewe, saa ya chakula. Dogo kauliza maswali tisa! Mbwa kapona.*



"Shemeji," mjane akasema, "alinisimulia hii kitu. Alicheka sana siku ile. Walikaa juu ya mifuko ya saruji wakapeana migongo kama watoto."

Akapitisha kidole juu ya yule mbwa wa kuchora.

"Mimi sikusoma sana, shemeji. Lakini nauliza tu. Mtu aliyeuliza maswali tisa kwa ajili ya mbwa wa kuchora... alimshushia rafiki yake matofali bila kuuliza hata moja?"



Jamani, niliwaacha muamini kwamba dhambi yangu ni zile tiki mbili. Nimewadanganya hata ninyi mnaonisoma. Nisameheni. Kweli yenyewe ni hii.

Dogo aliuliza.

Siku ile Kipaza yuko getini, mzigo unaning'inia, bosi ananipigia kelele kwenye simu kwamba muda unakwenda. Mimi nina redio yangu kiunoni. Nilitazama juu, nikauona ukuta. Nikatega sikio kusikiliza mluzi wa Filimbi. Sikusikia mluzi, nikasema basi hayupo. Nikasahau kabisa kwamba asubuhi nilimwona na shavu limevimba, na mtu mwenye jino bovu hapigi mluzi!

Nikabonyeza redio. "Dogo, shusha!"

"Kaka, Kipaza kasema nisubiri. Hapo chini patupu?"

Nikacheka. Ndugu zangu, nilicheka...

"Wewe nawe! Chora tu!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyosemwa kabla ya mzigo kushuka. Kipaza alikuwa kwenye muungurumo wa lori, hakusikia kitu. Tulibaki wawili tu tunaojua. Mmoja akasema "Sikuuliza," na mwingine akamwachia aseme.

Nilimwambia mjane yote. Nilitegemea anipige, au apige mayowe. Aliikunja tu karatasi mara nne kama ilivyokuwa.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita nimekuwa namlaani mtu ambaye hakukosa."

Akabeba boksi lake akatoka. Alinikatalia hata kumshikia mlango.

Jana nikaenda rumande. Safari hii sikubeba sabuni.

"Nimemwambia mke wa Filimbi," nikasema.

Dogo akafumba macho. "Kaka, kwa nini? Una watoto wanne."

"Na wewe una mmoja!"

"Mimi nilipoachwa yatima nilikuwa na wewe. Wako wangekuwa na nani?"

Nililia pale kwenye wavu mpaka askari akaja kuangalia. Mtoto niliyemfulia kaptula alikuwa ameamua kulipa malezi yangu kwa miaka yake mwenyewe.

"Nami pia nina kosa," akasema. "Kipaza aliniambia nisubiri. Nikaona ni sauti yako, nikashusha. Maisha yangu yote sauti yako haijanipoteza."

Hilo, wadau, liliniumiza kuliko pingu.

"Lakini mbona hukuniambia kwamba unabeba haya yote kwa ajili yangu?" nikamuuliza. "Nimekuja hapa mara mbili kila wiki. Hukusema hata neno!"

Akaniangalia, bila hasira, vilevile kama siku ile mlangoni.

"Hukuuliza, kaka."

Kweli. Wiki sita, ziara kumi na mbili, sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Niliogopa jibu.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nalipwa mshahara kufundisha hilo, na ndiye niliyewafundisha watu kuliona ujinga. Kama wewe ni bosi, au mwalimu, au baba, au kaka mkubwa, mtu wako wa chini akikuuliza, usimcheke. Mjibu, hata kama zege limefika. Na kama unaongea peke yako muda wote huku mwenzako anaitikia "sawa, sawa," nyamaza kidogo umuulize. Huenda amebeba mzigo wako.

Filimbi, nisamehe ndugu yangu. Najua haitakurudisha.

Haya yote nayaandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Nimekuja mwenyewe. Mke wangu nimemwambia asubuhi, wanangu atawaeleza yeye, mimi nimeshindwa. Baada ya hapa simu wataichukua, kwa hiyo msiponiona nikijibu komenti mjue niko wapi.

Afande ameshafungua mlango. Ananiita. Anasema ana maswali mengi sana.

Nimemwambia aulize yote.