Fungu la Sekunde Tisini

Ijumaa. Saa 3:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi majokofu, Kiponda. Dirisha limezibwa kwa boksi. Watu watatu, viti viwili. Silima alimpisha Radhiya kiti, akakaa juu ya jokofu bovu.

"Rudia," alisema Borafya. "Taratibu. Huyu wa Tumbatu mambo ya mashine hayamwingii."

"Yananiingia. Wewe umenyonya ziwa la mamangu hukohuko Tumbatu, leo wa mjini?"

Borafya alicheka kwa mdomo tu. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Aliyemnyonyesha ni Bi Mwanapili, mama yake Silima. Ndugu wa ziwa. Ndiyo maana Silima hakuwa akiuliza maswali.

Radhiya alifanya kazi kwenye kampuni inayolinda maduka ya Mji Mkongwe. Alizungumza huku akitazama sakafu.

"Kamera zinaona. Mashine inageuza picha kuwa maneno. Kanzu nyeupe. Mfuko mweusi. Anakimbia. Maneno yanakwenda kwenye mashine za kukodi, ng'ambo huko, yanapangwa kama faharasa ya nyuma ya kitabu. Neno hili limeonekana wapi, saa ngapi. Msabah, mkuu wa zamu, anaandika neno tu, anapata."

"Papo hapo?" aliuliza Silima.

"Hapana. Yanayoingia yanakusanywa fungu kwanza. Fungu likifungwa, ndipo yanapatikana. Muda wa kulifunga naupanga mimi. Sekunde tisini."

"Pande zote mbili?"

Radhiya alimtupia Borafya jicho. "Zote. Malindi na Mkunazini."

"Watu wakitoka msikitini tunavunja kwa sonara," alisema Borafya. "Kengele italia kwa Msabah. Mie nashika Malindi na mfuko mmoja. Wewe Mkunazini na mwingine. Kimbia, usisimame mpaka Darajani. Fungu likifungwa, hatupo."

Silima aliumega mkate wake, akampa Radhiya nusu. Radhiya aliushika, hakuula.

"Jioni navuka Mkokotoni kwenda Tumbatu," alisema Silima. "Nimemwahidi mama." Alishakaa jela miaka mitatu. Siku aliyotoka, mama yake alimwambia: hata ukija mikono mitupu, njoo. "Hii ya mwisho, Bora."

"Ya mwisho," alijibu Borafya.

Silima alivaa kofia ya kijani aliyoshonewa na mama yake. Mji mzima ungekuwa na kofia nyeupe siku ile. Borafya, mtu wa kukagua hata kamba za viatu, aliitazama asiseme vua.

Saa 7:09 mchana.

Watu walimiminika kutoka msikitini. Sonara alikwenda kula kwa dada yake, kama kila Ijumaa. Kufuli ilikatika kwa pigo la pili. Borafya aliingia peke yake.

"Mbona siingii?" Silima alinong'ona.

"Linda mlango!"

Dakika mbili. Borafya alitoka na mifuko miwili myeusi, akamtupia mmoja. Mzito.

"Bora, ukichelewa—"

"Kimbia wee!"

Saa 7:12.

Silima alikimbia. Kamera ya kwanza ilikuwa kona ya pili. Kwenye kona ya kwanza alilikuta jeneza.

Uchochoro ulikuwa mwembamba, wabebaji wachache, na mmoja wao mzee aliyekwisha kuishiwa pumzi. Silima alisema moyoni: usisimame. Kisha mzee akayumba.

Mfuko aliuweka barazani, kwa muuza kahawa. "Babu, nishikie." Akaingiza bega chini ya jeneza. Mbebaji mzee alishusha pumzi. "Mungu akulipe, mwanangu."

Alikusudia hatua ishirini. Hakutokea wa kumpokea haraka.

Saa 7:13.

Kengele ya sonara ilishalia. Msabah aliandika: mfuko mweusi. Upande wa Mkunazini, fungu lilikuwa likifungwa kila sekunde moja. Radhiya aliliweka hivyo asubuhi, kama Borafya alivyomwagiza. Silima ashikwe, walinzi wote wakimbilie kwake, Borafya apite Malindi kwenye sekunde tisini zake.

Mkunazini: hakuna.

"Hakuna?" alisema Msabah.

Radhiya aliangalia picha. Jeneza. Watu wengi. Kofia moja ya kijani. Hakumwonyesha Msabah.

Malindi, Borafya alishafika kwenye vespa yake. Ilimtosha kuiwasha. Lakini alisimama kusikiliza. Mbona hakuna kelele? Mbona hakuna filimbi? Mtu akimbie na mfuko, asionekane? Kaniuza, alijisemea. Mtumbatu kaniuza. Akangoja kusikia ndugu yake anashikwa, apate kuamini.

Fungu la Malindi likafungwa. Msabah aliandika tena. Jibu moja: mtu na mfuko mweusi, amesimama kando ya vespa.

Saa 7:20.

Silima alirudi kwa muuza kahawa. Babu alikuwa ameutoa mfuko juani na kuufunika kwa shuka lake.

"Umefunguka kidogo nilipousogeza," alisema. "Mwanangu, kokoto hizi unazipeleka wapi?"

Silima aliingiza mkono. Kokoto mpaka chini. Zilitiwa tangu asubuhi.

Alikaa. Babu alimmiminia kahawa, hakudai kitu. Silima aliinywa mpaka masimbi ya chini. Kisha aliinuka akalifuata jeneza. Hakuwa na jingine la kubeba.

Saa 9:10 alasiri.

Kituoni, Borafya alimtaja Silima kabla hajaulizwa. Jina la Radhiya likafuata. Msabah alimsogezea Radhiya glasi ya maji, kisha akamfungulia askari mlango.

Msabah aliandika: kofia ya kijani. Ilipatikana kwa sekunde moja, chini ya jeneza.

Makaburini Mwanakwerekwe, Silima alikuwa ameshuka kaburini kumpokea maiti asiyemjua. Alipopanda, aliwaona askari wawili getini. Wamevua kofia. Walingoja dua iishe.

"Mwenzako tunaye. Kakutaja mwenyewe," alisema askari mkubwa.

"Naomba nimpigie mama," alisema Silima.

Askari mkubwa alimpa simu yake mwenyewe.

"Mama, leo sivuki."

Bi Mwanapili alishaijua sauti ile tangu mara ya kwanza. "Na Bora?"

"Naye kashikwa."

"Nani kamtaja mwenzake?"

Silima alitazama udongo kwenye viganja vyake.

"Hakuna, mama. Tumeshikwa pamoja."