Upepo wa Watu Watatu

Injini ya mashua ilikohoa mara mbili, ikazimika katikati ya mlango wa bahari. Crisanto, mwenye mashua, akanusa tangi, akatukana. Petroli aliyouziwa barabarani kwenye chupa za soda ilikuwa na maji.

"Kaka, si tuna madumu manane ya dizeli hapa?" aliuliza Ludivina, muuguzi wa zahanati ya Panlawis.

"Injini hii hainywi dizeli, dada. Tutakufa njaa tumekalia sufuria la wali."

Siku ya nne sasa tangu kimbunga kikate umeme. Bila umeme pampu za bara hazivuti petroli. Bila petroli mashua hazivuki. Bila mashua dizeli haifiki kisiwani, na bila dizeli jenereta ya zahanati inakufa. Ilibakiwa na mafuta ya mpaka saa tisa alasiri. Huko zahanati, ndani ya kisanduku cha joto cha umeme, alilala mjukuu wa Crisanto, aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Crisanto akafunga turubai kwenye mwanzi, likawa tanga. Mashua ikachomoka, ikalala upande. Bawa lake la mianzi, lililofungwa ubavuni ili isipinduke, likainuka juu ya maji upande wa upepo.

"Upepo wa mtu mmoja huu! Kasimame kwenye bawa, uzito wako ulishushe!"

"Mimi? Hata kuogelea sijui!"

"Ndiyo maana nakwambia ushike kamba."

Akatoka, kaishika kamba kwa mikono miwili. Upepo ukawa wa watu wawili. Crisanto akafunga usukani kwa kamba, akamfuata. Ukawa wa watatu, na mtu wa tatu hakuwepo.

"Tutose mizigo!"

"Thubutu!" Ludivina alitambaa, akavuta madumu mawili, akayafunga kwenye bawa huku viganja vikichuruzika damu. "Mtu wa tatu huyu. Tena halalamiki kama wewe."

Mwanamke yule, jamani, alikuwa jasiri.

Walifika saa kumi na nusu. Zahanati kimya, jenereta imezimika. Crisanto akausukuma mlango.

Ndani, mkewe Pasita alikuwa amemweka kichanga kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya shali. Kichanga kilikuwa kikinyonya kidole. Wanawake sita walikaa kwenye benchi.

"Tunapokezana," alisema Pasita. "Mbona umechelewa, mzee?"

Crisanto alilia bila aibu. Dizeli ikamiminwa, jenereta ikanguruma, taa zikawaka. Ludivina akafungua kisanduku, akanyoosha mikono ampokee kichanga.

"Ngoja kwanza, muuguzi," alisema wa mbele kwenye benchi, akifungua vifungo vya blauzi. "Nimekaa foleni tangu saa tisa. Zamu yangu ndiyo inaanza."