MUME WANGU ALINITANGAZA TAJIRI REDIONI

Mume wangu alinitangaza tajiri redioni, nchi nzima ikasikia. Halafu akarudi nyumbani kuniuliza hizo pesa nampa mwanaume gani!

Jamani, sitanii.

Nilikuwa nimeinama naosha masufuria. Akaingia hata viatu hajavua, simu yangu iko mkononi mwake.

"Fundi ni nani?"

Sufuria ikaniponyoka, paa!

"Fundi... ni fundi."

"Fundi wa nini? Mbona kila mwisho wa mwezi unamtumia pesa? Na hii meseji je? 'Nimepokea mama, Jumamosi njoo uone, utafurahi mwenyewe.' Utafurahi nini?"

Nilikaa kimya. Jibu nilikuwa nalo, ila nilijua nikilitoa tutagombana zaidi. Kumbe huko kunyamaza ndiko kulikoniponza.

"Mshahara wako umepanda maradufu, hukuniambia. Kumbe una pa kuupeleka!"

"Umepandishwa na nani?"

"Unaniuliza mimi? Taarifa nimeisoma mwenyewe leo asubuhi!"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo tutapotezana njiani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, darasa la pili. Mume wangu ni mtangazaji wa redio. Mtaani wanamwita Sauti, na kweli anayo. Akikuomba chumvi tu unadhani unasomewa habari za dunia. Sauti hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye ndoa, siwadanganyi.

Asubuhi ile alisoma hivi: wastani wa mshahara wa mwalimu umepanda maradufu, na madawati yametumwa katika shule zote za umma.

Tulimsikia tukiwa chumba cha walimu. Tukatazamana. Mwenzangu wa darasa la tano akatoa simu, akaangalia salio, akairudisha mfukoni taratibu.

"Labda anasema walimu wa nchi nyingine," akasema.

Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilikatika nilipofika nyumbani na kumkuta mwenye nyumba amesimama getini, meno yote nje.

"Mwalimu! Hongera! Basi na kodi yangu ipande na wewe, tusiachane njiani."

Nikadhani hilo ndilo baya la siku. Kumbe baya lenyewe lilikuwa linavua koti njiani linakuja!

Turudi jikoni.

Nilifuta mikono, nikamletea Sauti karatasi yangu ya mshahara. Akaitazama juu juu.

"Karatasi mtu anaweza kuchapisha popote."

"Sauti! Huo wastani wamechanganya na wakubwa wa makao makuu, wenye magari na posho. Wamejumlisha wote, wakagawanya. Mimi ndiye niliyegawanywa!"

"Na madawati nayo yamegawanywa? Nilifika shuleni kwenu na msafara wa wakubwa wa elimu, nikayaona kwa macho yangu. Nimeyakalia!"

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kidonda.

Shule yetu ina chumba tunachokiita Darasa la Wageni. Kimepakwa rangi, kina madawati mapya, hata pazia kina. Ufunguo anakaa nao mwalimu mkuu. Msafara ukitangazwa, tunachagua watoto wenye viatu na sare nzima kutoka kila darasa, tunawaingiza mle, wanaimba. Wageni wanapiga picha, wanakunywa soda ofisini, wanaondoka. Watoto wanarudi kwenye madarasa yao, na kufuli linarudi mlangoni.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ni mwoga. Dawati likivunjika kabla ya msafara mwingine, atamjibu nini mkubwa wake?

Siku ile ile ya msafara nilimweleza Sauti haya yote. Alinipigapiga begani kama mtoto.

"Mke wangu, habari ni kile kilichoonekana."

Sasa leo kile kilichoonekana kimegeuka mwanaume wangu wa pembeni!

"Jumapili kuna kikao," akasema. "Mama anakuja, na wazee wanakuja. Utatueleza Fundi ni nani. Ukishindwa, utarudi kwenu."

Alisema hivyo kwa ile sauti ya habari. Iliniuma mpaka kwenye mifupa.

Mama mkwe wangu mnamjua? Hamumjui. Shukuruni.

Alifika kesho yake na mabegi yake, akakaa kwenye kiti changu, akanitazama kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwanangu anakonda, wewe unanenepesha mafundi!"

"Mama, si hivyo..."

"Mshahara umepanda haujapanda?"

"Haujapanda, Mama. Ni hesabu tu. Ni kama mtu mmoja ale sufuria nzima, mwenzake alale njaa, halafu mtu wa tatu aje aandike kwamba kila mmoja kala nusu sufuria."

"Sufuria gani? Usinibadilishie mada!"

Nikaachana naye. Maji nimeshayavulia nguo, itabidi niyaoge.

Siku zile sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natamani kukaa. Naandika ubaoni, naufuta kabla watoto hawajanakili. Nilikuwa najiuliza swali moja tu. Nitamwambiaje mtu ukweli, wakati ameshautangaza uongo kwa sauti nzuri hivyo?

Ijumaa, tukiwa mapumzikoni, watoto wakanijia mbio.

"Mwalimu! Kuna bibi anachungulia Darasa la Wageni!"

Nikatoka. Nani? Mama mkwe! Kabandika uso dirishani, kakinga jua kwa viganja. Akatikisa kufuli. Akalitikisa tena. Halafu akapita mbele yangu kama hanioni, akaingia darasani kwangu na kujifungia na watoto waliomfuata.

Nilibaki nje ya darasa langu mwenyewe, nang'ata kucha. Nilisikia sauti za watoto zikijibu kwa pamoja, lakini maneno sikuyapata.

Alipotoka alikuwa anajikung'uta vumbi nyuma ya gauni. Usoni hakuna kitu cha kusoma.

"Huyo Fundi wako anakaa wapi?"

"Nyuma ya soko, Mama... Lakini Mama..."

Keshaondoka. Nikajua nimekwisha!

Nyumbani jioni hakugusia habari za Fundi. Nilimtengea chakula, akala, akashukuru, akaenda zake kulala. Heri angenitukana.

Jumamosi asubuhi Sauti alienda kazini mapema. Siku hiyo huwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mimi nikakimbilia kwa Fundi. Nilitaka aje kikaoni kesho aniokoe.

Nilimkuta na randa mkononi, redio imening'inia kwenye msumari.

"Fundi, mama mkwe wangu alikuja hapa?"

"Alikuja. Alinihoji kama polisi."

"Ulimwambia nini?"

Akakuna kichwa. "Aliniambia nisikuambie nilichomwambia."

"Fundi! Mimi ndiye mteja wako!"

"Mama, yule bibi ana macho..."

Kabla hajamaliza, redio ikadakia.

"Haloo mpigaji, uko hewani!" Alikuwa Sauti wangu, mchangamfu kama vile si yeye anayetaka kunifukuza.

"Najua niko hewani, ndiyo maana nimepiga. Mimi ni mama yako."

Redio ikanyamaza. Watangazaji wanaogopa ukimya kuliko nyoka, lakini siku hiyo ukimya ulikaa.

"Eeh... wasikilizaji, leo tumebahatika... Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nimepiga kuhusu mke wako. Huyo mwanamke ni mwongo!"

Fundi akaweka randa chini.

"Mama, hayo tutayaongea nyumbani..."

"Kwani wewe ulitangaza nyumbani? Ulitangaza hapa hapa, na mimi nasema hapa hapa! Ni mwongo. Kila mwezi anakuambia pesa imeishia sokoni. Haiishii sokoni. Nimeifuata mpaka kwa Fundi, nimeona inakoishia. Inaishia kwenye mbao!"

"...Mbao?"

"Anachongesha mabenchi ya watoto! Wanafunzi wake wanakaa sakafuni, wanaandikia mapajani. Nimekaa nao chini mimi mwenyewe, na nyonga hizi. Kila mwezi wachache wanainuka kutoka vumbini, kwa mshahara huo huo unaosema anampa mwanaume!"

Machozi yalinitoka, sikuyatafuta.

"Lakini Mama, madawati yalitumwa. Niliyaona..."

"Yako chumbani, yamefungiwa, nailoni hazijatolewa! Na nani kakudanganya kwamba kutuma ni kufika? Nilikutuma mafuta ya taa ukiwa mdogo, ukarudi na mpira. Ningetangaza mtaani kwamba mafuta yametumwa, taa ingewaka?"

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye maranda.

"Sawa Mama, ila wastani wa mshahara..."

"Wastani! Mtu mmoja kala sufuria nzima, mwenzake kalala njaa, wewe unatangaza kila mmoja kala nusu sufuria! Nani kashiba hapo?"

Maneno yangu! Yale yale! Kayachukua bila hata kuomba!

"Sasa nakuuliza kama msikilizaji. Hiyo taarifa uliipata wapi?"

"Tuliletewa... kutoka ofisini kwao."

"Ukamuuliza mwalimu yeyote?"

Nikasikia makaratasi yakipekuliwa.

"Nakuuliza wewe mwenye sauti! Unalala na mwalimu kitanda kimoja. Umemruka mwalimu kitandani kwako, ukaenda kuwauliza watu wa ofisini!"

Wakakata, wakaweka tangazo la sabuni.

Mchana Sauti alirudi. Akakaa barazani, hakuingia ndani. Nikamfuata.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu mabenchi?" akauliza. Safari hii sauti ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Nilikuambia kuhusu kufuli, hukuniamini. Ya mabenchi ungeyaamini?"

Akalegeza tai yake.

"Uliniamini mimi kidogo kuliko karatasi uliyoletewa," nikamwambia. "Hicho ndicho kilichoniuma. Wivu ningeusamehe siku hiyo hiyo."

Aliniomba radhi. Nilimwambia nimesikia, nitaifikiria. Kikao cha Jumapili kilikaa kama kilivyopangwa, ila aliyekaa kiti cha mshtakiwa hakuwa mimi.

Jumatatu, wazazi walijaa kwenye uwanja wa shule. Wote wamesikia redio, wote wanataka ufunguo. Mwalimu mkuu alitoka na ufunguo, akafungua kufuli. Madawati yalipokuwa yanabebwa nje, alinisogelea.

"Afadhali," akaninong'oneza. "Nimechoka kulinda mbao kuliko watoto."

Hayakutosha shule nzima, hata nusu yake. Waliobaki chini walibaki chini. Ila sasa kila mtu anawaona.

Na Sauti alikuja, bila msafara, bila tai. Alikaa sakafuni katikati ya wanafunzi wangu na kinasa sauti chake, akaanza kuwauliza. Kesho yake alisoma marekebisho hewani: mshahara wa mwalimu wa darasani haujapanda, na kwamba alitangaza umepanda kwa sababu hakuuliza.

Wakubwa wake walimtoa kwenye habari. Siku hizi anasoma salamu za wasikilizaji na kucheza miziki ya zamani. Ile taarifa ya kwanza, kituo kingine bado kinaisoma mpaka leo. Mwenye nyumba bado ananiita tajiri.

Mama mkwe hakuwahi kuniomba msamaha. Alipokuwa anafunga mabegi aliniambia tu, "Punguza kukaa kimya. Mtu mwenye haki hanyamazi." Nikamwitikia.

Juzi sasa.

Simu ya Sauti ililia mezani, yeye yuko bafuni. Meseji. Nami ni binadamu, nikachungulia...

"Nimepokea bosi. Jumamosi njoo uone, utafurahi mwenyewe."

Nilisoma jina la aliyetuma. Fundi!

Nikairudisha simu palepale ilipokuwa, nikaenda kupika. Ngoja na yeye afiche kidogo, aone inavyochosha.

Wapendwa, funzo ni hili. Ukisikia imetangazwa kwamba walimu wametajirika na shule zimejaa madawati, usishangilie na usitukane. Muulize mwalimu. Wala usiende mbali kumtafuta, pengine yuko jikoni kwako, ameinama, anaosha masufuria.